Spika ya Kulia ya Kila Nyumba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametoa udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wasikilizaji wa Muziki wa Nyumbani, ambaye kwa kazi ni kinyozi lakini leo tumekubaliana aitwe mdau. Ndugu Katibu wangu, Naibu wa Katibu wangu, na yule anayemshikia Naibu mkoba. Mke wangu mpendwa, mlezi wa mapambo ya ukumbi huu. Wazee wetu mliokuja na mashine za zamani, vijana mliokuja na mashine za juzi, waheshimiwa mliopata viti na waheshimiwa mliokosa. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naagiza iandikwe kwamba imezingatiwa. Mnanisikia?

(Tukasema tunakusikia. Tungesemaje, na sauti ilikuwa inatikisa vioo vya madirisha? Huyu ndiye Mkurugenzi wa Usikivu wa Umma. Alikuwa amesimama mbele ya pazia letu la bluu, lile la siku ya kupambanisha mashine. Kila mwaka wanachama tunabeba mashine zetu za muziki kutoka majumbani, zinawekwa moja moja nyuma ya pazia, zinapigwa santuri ile ile, watu wanasikiliza bila kuona, kisha wananyoosha mikono. Pazia halifunuliwi mpaka kura ziishe. Kanuni hiyo aliitunga marehemu mume wangu, fundi redio, akiwa kwenye kochi langu na miguu juu ya stuli yangu. Mashine zetu arobaini na moja zilikuwa pembeni juu ya meza, zimechomekwa tayari, zinamngoja mtu huyu amalize.)

Asanteni sana. Ndugu wadau, nimesimama hapa leo nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha ambayo Idara yangu imeipima kitaalamu na kubaini kwamba imepanda kwa asilimia kumi na saba ikilinganishwa na furaha niliyokuwa nayo mwaka jana, nilipozungumza katika ukumbi huu huu, kuhusu jambo hili hili, nikiwa nimevaa suti hii hii, jambo ambalo wachambuzi wangu wanasema ni dalili ya uthabiti wa sera. (Katibu wake akapiga makofi peke yake, akatutazama kama mwalimu wa zamu.) Na kwa kuwa mimi ni muumini mkubwa wa kanuni, zikiwemo zenu, nimeagiza mtambo mpya wa Idara uwekwe nyuma ya pazia hili tangu asubuhi, na ndio huu unaowaletea sauti yangu, ili nao ushindane na mashine zenu kwa haki na usawa, bila upendeleo wowote, isipokuwa kwamba wenyewe umepewa saa nzima na nyinyi mtapewa dakika tatu tatu. Mwisho wa hotuba mtaupigia kura. Pazia, kama ilivyo desturi yenu, halitafunuliwa!

(Hapo kwenye "halitafunuliwa", alipopandisha sauti, spika moja nyuma ya pazia ikakohoa. Kikohozi kimoja kikavu, kutoka chini upande wa mlango, kama mtu aliyemeza moshi. Nikaacha kujipepea. Nikamgusa mwalimu mstaafu aliyekaa karibu nami.

"Mwalimu, umesikia?"

"Nini, dada?"

"Kikohozi."

"Mimi nilidhani ni wewe."

Mtu amefundisha hesabu miaka thelathini, na bado hajui kikohozi kimetoka kushoto au mbele.)

Naomba niwarudishe nyuma kidogo ili twende mbele pamoja. Mtakumbuka kwamba miaka miwili iliyopita Idara yangu ilifanya fizibiliti, yaani utafiti wa kina, iliyoshirikisha wataalamu wa ndani, wataalamu wa nje, na wataalamu waliokuwa mlangoni, na katika fizibiliti hiyo ikagundulika jambo la kushtua ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limefichwa sebuleni mwenu: kwamba kila nyumba yenye mashine ya muziki ilikuwa na spika mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, na kwamba spika hizo mbili, na hapa naomba mniangalie usoni, zote zilikuwa zikipiga wimbo mmoja kwa wakati mmoja. Hiyo, ndugu zangu, kwa lugha ya kitaalamu tunaiita duplikesheni. Haiwezekani wananchi wengine hawana hata spika moja, wewe nyumbani kwako wimbo unauambia sikio hili, halafu unageuka unauambia na hili!

(Mwalimu akafumba macho. Siku ile mpango ulipotangazwa yeye ndiye aliyesimama akaeleza polepole, kwamba kushoto na kulia si kitu kimoja, kwamba huku utasikia gitaa na kule utasikia mwimbaji, na ndiyo maana vichwa vya watu vina masikio mawili. Mkurugenzi akamwambia alete kwa maandishi. Akaleta kurasa tisa na mchoro wa kichwa. Mchoro ukawekwa kwenye kalenda ya Idara, mwezi wa nne.)

Ndipo ikazaliwa stratejia yetu ya Nyumba Moja, Spika Moja. Kila mwanachama wa chama hiki, kwa hiari yake na kwa kufuatwa nyumbani, akatoa spika yake ya kulia kwa ajili ya Kituo Kikuu cha Usikilizaji wa Pamoja. Wapo waliouliza kwa nini kulia. Ni swali zuri. Kamati iliketi siku nne, ikapitia uzoefu wa sehemu mbalimbali, ikaona kwamba binadamu anapotoa kitu hutoa kwa mkono wa kulia. Na leo hii, nikiwa na takwimu mkononi, natamka bila woga kwamba tumekusanya spika arobaini na moja, ikiwa ni asilimia mia moja ya spika zote za kulia, bila kugusa hata spika moja ya kushoto, jambo ambalo linaonyesha nidhamu ya hali ya juu ya watumishi wangu. Nyumba moja!

("Spika moja!" wakajibu wale wa mbele. Mimi nilikuwa nasikiliza. Maana alipopiga ile "moja", ikakohoa tena. Kinyozi, mwenyekiti wetu, akanigeukia akanong'ona, "Bibi, kuna spika moja kule imechanika karatasi." Nikamwambia, "Haijachanika. Ilichanika, ikatiwa kiraka." Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia ageuke mbele, anakaa kama hana adabu.)

Matokeo, au kwa lugha ya wenzetu impakti, yameonekana mara moja. Kelele katika makazi zimeshuka kwa asilimia hamsini kamili, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa bila vita wala mvua. Nyumba zenye spika mbili zimeshuka kutoka arobaini na moja hadi sifuri, na huo ndio usawa tulioahidi. Vumbi juu ya spika limepungua kwa nusu. Nafasi sebuleni imeongezeka kwa wastani wa stuli moja kwa kila kaya. Ndugu zangu, mkurugenzi gani mwingine amewahi kuwaongezea sebule bila kugusa ukuta? Mimi sijisifu. Mimi nasoma tu kilichoandikwa, na kilichoandikwa nimekiandika mwenyewe kwa kujinyima usingizi.

(Kila mtu alitazama meza za pembeni. Mashine arobaini na moja, kila moja na spika yake moja kama mtu aliyesimama na kiatu cha mguu mmoja. Mwaka wa pili huu tunapambanisha nusu kwa nusu, tena tunapeana na zawadi.)

Sasa nije kwenye Kituo chenyewe. Kituo Kikuu cha Usikilizaji wa Pamoja ni jengo la ghorofa mbili, lenye ukumbi wa viti mia tatu vinavyozunguka, kuta zilizofunikwa sponji ya daraja la kwanza, chumba maalumu cha kusikilizia ukimya, chumba cha kupumzikia waliosikiliza, na dirisha la maulizo lililo mahali ambapo mtu hahitaji kuuliza liko wapi. Mmekiona wenyewe kwenye kalenda, mwezi wa kwanza, rangi ya maziwa, kina miti na watu wanatembea wakitabasamu. Katika kuta za ukumbi huo zitapachikwa spika zenu zote arobaini na moja, na kila mwananchi ataingia, atakaa, atazunguka, atasikia. Na ninayo heshima kubwa, tena nimeomba mke wangu anishikie miwani ili nisitokwe na machozi juu yake, kuwatangazia kwamba hadi kufikia leo asubuhi utekelezaji wa Kituo umefikia asilimia tisini na nane!

(Makofi. Makofi kweli, si ya Katibu. Watu walipiga hata kwa miguu. Asilimia tisini na nane! Kinyozi akasimama akasema, "Mheshimiwa, tunashukuru. Sasa tunaingia lini?")

Nashukuru kwa fidbeki hiyo, Ndugu mdau, na naomba ikae. Na wewe ukae nayo. Suala la lini limewekwa kwenye rodimapu, na rodimapu iko kwenye fremuweki, na fremuweki inasubiri kikao. Lakini kwa kuwa nimesikia minong'ono kutoka safu ya pili, ambako naona amekaa bibi mmoja mwenye mkoba mweusi, nataka nitumie nafasi hii kuonyesha jinsi Idara yangu inavyoshughulikia malalamiko kwa uwazi. Bibi huyu aliniandikia barua. Mkurugenzi mwingine angeificha. Mimi nitaisoma yote, neno kwa neno, ili mjue kwamba sisi tunasikiliza hata wanaoandika bila mistari. Inasema:

"Kwa Mkurugenzi. Mimi ni mjane wa fundi redio. Salamu ulitakiwa uanze wewe, maana mwanangu wa tatu ni mkubwa kwako, kwa hiyo tuziache. Mlikuja nyumbani mkachukua spika ya kulia ya marehemu mume wangu mkasema ni ya Kituo. Mwaka wa kwanza nilinyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza. Kuna kaseti. Mume wangu aliinasa siku alipomaliza kuitengeneza ile mashine. Aliweka maiki mbili juu ya meza, moja mbele yangu moja mbele yake. Yangu ikaingia kushoto, yake ikaingia kulia. Hatukuongea la maana, tulibishana habari ya shati na dirisha. Sasa kulia hamna kitu. Nikiiweka najisikia peke yangu najibu kama nimepagawa. Nasema liko kwenye kamba. Nasema hapana usilifunge. Nasema wewe nawe. Mwisho nasema nakusikia. Namsikia nani? Nikahamisha waya nikauleta upande wa kulia, nikamsikia yeye anauliza anauliza na mimi kimya kama nimenuna. Siku ile sikununa. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, nikarudisha. Fundi mwingine akasema nyaya zote mbili ukizichomeka kwenye spika moja mashine itaungua. Jirani akataka kuniazima spika yake, nikakataa, mume wangu hawezi kusema kwa mdomo wa jirani. Rudisheni. Siombi, ni yangu. Mtaijua haraka. Ina kiraka cha gauni langu la maua na ukipandisha sauti inakohoa. Nimemaliza."

(Alisoma kwa sauti ya kuchekesha, akiwatazama watu ili wacheke. Hawakucheka. Mwalimu aliangalia viatu vyake. Kinyozi alinigeukia, mdomo wazi, akanitazama mimi, akalitazama pazia, akanitazama tena. Nikamwambia, "Sasa ndiyo umeelewa, bwana mdogo? Tulia.")

Ndugu wadau, mnaona wenyewe uzito wa kazi yetu. Barua hii ilipokelewa, ikagongwa mihuri mitatu, ikajadiliwa, na baada ya mjadala mrefu Idara iliiweka katika kundi la malalamiko ya upande mmoja, kwa sababu ya msingi kabisa kwamba mlalamikaji analalamikia spika ya kulia tu, na kuhusu ile ya kushoto hana neno baya. Kwa maana hiyo kuridhika kwake ni asilimia hamsini, ambayo kwa vigezo vyetu ni ufaulu. Hata hivyo hatukuishia hapo. Tulimjibu kwa maandishi kwamba ajaze fomu nakala tatu, aambatishe picha ya spika husika, pamoja na spika yenyewe kwa ajili ya uthibitisho. Mpaka leo, na nasema hili kwa masikitiko, spika hiyo hajaileta.

("Ningeileta nikaitoa wapi?" nikauliza kwa sauti. Katibu akasema, "Bibi, muda wa maswali upo kwenye ratiba." Nikamwambia, "Na mimi nipo kwenye kiti. Ratiba yako inakaa wapi?" Watu wakacheka. Mkurugenzi akainua mkono.)

Naomba utulivu, naomba utulivu. Wazee ni hazina, na hazina hufungiwa. Spika zote, bibi, zikiwemo za marehemu, ziko salama salimini katika bohari ya Kituo, zimefunikwa, zimepewa namba, hazijaguswa na mkono wa mtu tangu siku zilipopokewa, wala hazijapiga hata wimbo mmoja, kwa sababu zinasubiri siku ya ufunguzi ili zote zianze kwa pamoja. Hilo naapa mbele yenu kwa heshima ya cheo changu. Na sasa, kabla sijahitimisha sehemu ya kwanza ya utangulizi, nataka sote tusimame, tupaze sauti mpaka huko ambako hawatutakii mema wasikie. Nyumba moja! (Spika moja!) Sijawasikia! Nyumba moja! (Spika moja!) Zaidi! NYUMBA MOJA!

(Ikakohoa mara tatu mfululizo, na ya mwisho ilitoka na ule mluzi mdogo nyuma yake. Miaka thelathini na moja nimekaa na mluzi ule. Gundi ya kiraka ilikuwa haijakauka vizuri, nilimwambia mume wangu angoje kidogo, akasema imekauka, kumbe haijakauka. Watu walikuwa wamesimama kwa ajili ya kuitikia, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu nilipopita katikati yao na mkoba wangu. Nilipofika mbele nikashika pazia.

"Bibi, pazia!" kinyozi akalia kama nimemkanyaga. "Kura bado! Kanuni!"

"Kanuni aliitunga mume wangu," nikamwambia. "Na ni ya mashine. Yeye si mashine."

Nikavuta. Pazia lote likaja na fimbo yake, likaangukia viatu vya Mkurugenzi.)

Ndugu, ndugu wadau, naomba, naomba mbaki katika nafasi zenu, hii ni, kitaalamu, mnachokiona hapa nyuma yangu ni, tuseme, pailoti, majaribio.

(Zilikuwa zimepangwa kama matofali, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa chake. Za mbao, za plastiki, kubwa, ndogo. Arobaini na moja. Ya kinyozi ilikuwa na alama ya kikombe juu yake, pale alipokuwa akiweka chai. Ya mwalimu ilikuwa na jina la binti yake limechorwa kwa msumari. Nyingine zilikuwa bado zimefungwa riboni za harusi, nyeupe na za dhahabu, na juu kabisa kibao kimeandikwa MAPAMBO NA MUZIKI, na namba ya simu ya mke wa Mkurugenzi.

Wa kwanza kusema alikuwa kinyozi, na sitamsamehe, maana kabla hajakasirika alinyoosha kidole akasema, "Mmeziunganisha vibaya! Kumi nzima nyaya zimegeuzwa!" Mwalimu naye akasema, "Ndiyo maana besi ilikuwa inapotea." Hao ndio watu wa chama changu. Umwibie spika, ataanza kulalamika ulivyoipanga.)

Naomba nieleweke. Kituo, kwa dhana yake pana, si lazima kiwe kuta. Kituo ni huduma. Na huduma hii imehamahama, imewafuata wananchi kule waliko, siku za Jumamosi, katika shughuli zao za furaha, chini ya uangalizi wa karibu wa mlezi wa mapambo, na nyinyi wenyewe wengi wenu mlicheza, tena mlicheza vizuri, kwa hiyo mmekwisha kunufaika na...

(Nilikuwa nimepiga magoti. Ya kwangu ilikuwa chini kabisa upande wa mlango, kama nilivyosikia. Kiraka kipo, maua mawili na nusu. Nikachomoa nyaya zake. Sauti ya Mkurugenzi ikapungua kidogo, kama mtu amefunga dirisha. Kinyozi akaja, akainua zilizokuwa juu yake ili nitoe yangu, kisha akachomoa yake. Akaja mwalimu. Wakaja wengine, bila kusukumana, kila mtu anaijua ya kwake.)

Ndugu zangu, msichomoe. Zoezi la kuchomoa lina utaratibu wake. Kuna fomu. Katibu, wape fomu.

(Katibu alikuwa anatafuta spika ya mama yake.)

Mnanisikia? Naomba nimalize kwa shukrani. Shukrani ni utamaduni wetu.

(Zilikuwa zimebaki kama kumi. Sauti yake ikawa nyembamba, kama inatoka kwenye redio ya jirani wa tatu. Ikabaki tano. Ikabaki mbili. Kisha maiki ikawa kijiti tu mkononi, na ikabidi apige kelele kama sisi wengine tunavyoitana uani. Na mtu akipiga kelele hana pumzi ya maneno marefu.)

Namshukuru mchoraji wa kalenda! Lile jengo ni kazi yake! Ni mkono wake tu!

("Jengo lenyewe je?" mtu akauliza.)

Namshukuru mwenye kiwanja! Tulimwomba! Alikataa!

("Na asilimia tisini na nane?" mwalimu akauliza. Kwa hesabu huyu mtu humpotezi.)

Tisini na nane ni vikao! Mbili zilizobaki ndiyo kiwanja! Na msingi! Na kuta! Na paa! Hakuna kitu! Lakini vikao vilikwenda vizuri!

(Hakuna aliyemzomea. Hawakuwa na nafasi. Kila mtu alikuwa mezani kwake, ameinama, anachomeka waya, anapuliza vumbi, anatoa riboni. Mke wake alipita akikusanya riboni zile moja moja, akizikunja. Mimi niliweka spika yangu upande wa kulia wa mashine, nikaisogeza mpaka ikalingana na mwenzake, kama alivyokuwa akipima mume wangu kwa kamba ya kiatu. Kaseti ilikuwa ndani. Huwa naileta kila mwaka, ila hapa siipigi. Nikabonyeza.

Kukawa na kelele ya meza, kijiko kikaanguka. Halafu kulia, na kile kikohozi chake cha gundi mbichi, mume wangu akasema, "Shati langu la kijani liko wapi?" Kushoto nikasema, "Liko kwenye kamba." Kulia, "Kamba ipi?" Kushoto, "Kwani tuna kamba ngapi? Wewe nawe!" Kulia, "Nifunge dirisha?" Kushoto, "Hapana, usilifunge." Sauti yangu ilikuwa ya msichana. Sikuwa nimenuna. Nilikuwa nacheka, na miaka miwili nilikuwa sijui nacheka nini, maana cheko langu lilikuwa linaanza pale yeye anapomaliza.

Wale wa meza za karibu waliacha nyaya zao. Kinyozi alivua kofia.)

Nawashukuru nyote! Nyumba moja! Nyumba... Jamani! Mnanisikia?

(Aliuliza wakati ule ule mume wangu anauliza, "Unanisikia lakini?" Na kushoto, taratibu, nikajibu, "Nakusikia."

Mkurugenzi akashika kifua kwa shukrani. Akainama mpaka karatasi zikamtoka mkononi.)

Asante sana, bibi. Asante kwa niaba ya Idara.

(Sikugeuka. Nilikuwa nairudisha nyuma kaseti.)